Ng'ombe wa Pembe Moja

Bunda, Jumapili, 21 Julai 2024

Mdogo wangu Adventina,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi huku shuleni ni mzima, kile kikohozi cha Juni kimekwisha, na sweta aliyonifumia mama mdogo Marieta naivaa kila alfajiri kwenye foleni ya maji mpaka wenzangu wanauliza kama sina nyingine. Baba alipita Jumatano akitoka Mwanza kuchukua bidhaa za duka. Anasema nyumbani kwetu Nyakato ya Musoma wote hawajambo, ila kaka Fredi ameanguka na baiskeli, jino la mbele limeng'oka, na sasa anacheka amefumba mdomo. Msalimie sana bibi Nyamburi, mwambie ugali wa shule naumaliza hata ukiwa umeungua.

Sasa jambo lenyewe. Lile shindano la fizikia la mtandaoni nililokusimulia likizo, Madam Jenoveva ametuandikisha. Timu ni watu wasiozidi wanne. Linafunguliwa swali moja kwenye kompyuta, mnapewa wiki mbili, mnatuma mchoro, hesabu na maelezo. Raundi ni mbili. Timu ishirini za juu zinaalikwa kambi ya sayansi Dodoma mwezi wa kumi na mbili, siku kumi na nne, kila mtu na kompyuta yake mezani. Adventina, kompyuta yake peke yake!

Timu mpaka sasa ni mimi, Rhobi na Kwangu. Rhobi ni mgeni, amehamia kutoka Tarime. Ukimwona Rhobi anavyosoma swali, mara moja tu, kalamu mdomoni, utampenda. Kwangu anaandika maelezo kwa sababu Kiingereza chake hakikwami. Jina la timu kalitoa Rhobi, na chumba cha kompyuta tunafunguliwa jioni kwa sababu Rhobi ndiye aliyethubutu kumwomba mkuu wa shule. Ile nafasi ya nne niliyokuahidi, Madam anasema timu ya shule ni ya wasichana wa shule, ingawa sheria za shindano zinaruhusu hata wa nje. Bado naongea naye.

Swali la kwanza nimelinakili nyuma ya karatasi hii. Mzigo unaning'inia kwa kamba mbili, moja imelala kuliko nyingine. Mimi nimechora, mishale ya kuonyesha nguvu imenishinda. Rhobi amechora, yake imepishana. Nisaidie mchoro kabla ya tarehe nne Agosti.

Barua nampa mama Dafroza wa dagaa. Jumanne anakuwa soko la hapa, Alhamisi anakuwa Butiama, kwa hiyo ikifika inanuka usiniseme.

Dada yako,
Matrida

Butiama, Alhamisi, 25 Julai 2024

Dada Matrida,

(Nakuita dada kwa kuwa mama yako alimtangulia mama yangu kuzaliwa. Mimi na wewe aliyetangulia ni mimi, miezi miwili, usijisahau.)

Milele amina. Bibi hajambo, goti linamsumbua lakini jana amepalilia mihogo mpaka nikamnyang'anya jembe. Mama alituma salamu kutoka Kamunyonge, cherehani yake imepona, anashona sare za kwaya. Pole ya jino umpe Fredi.

Nimesoma barua yako mara mbili. Nimehesabu: jina la Rhobi mara sita, la bibi mara moja. Nimefurahi kwamba anasoma swali mara moja tu. Mimi huwa nasoma mara tatu, labda ndiyo maana nilibaki Butiama.

Sitaki kuificha roho yangu kwako. Tangu darasa la tano tuna daftari moja na kalamu mbili, mimi nachora, wewe unakokotoa. Mtihani wa darasa la saba tulifaulu wote, wewe ukapelekwa Bunda, mimi nikabaki na goti la bibi, na sikusema kitu. Nilichokuwa najiuliza tangu hapo ni kimoja tu: nani anakuchorea siku hizi? Sasa nimejua, na nimejua vilevile kwamba mishale yake inapishana. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka bibi akauliza kuna nini.

Mchoro huu hapa. Kama kawaida mzigo nimeufanya ng'ombe, na kama kawaida ni yule wa bibi mwenye pembe moja, ile nyingine ilivunjika siku ile tunayoijua sisi wawili. Mshale wa uzito unashuka kutoka tumboni, siyo kwenye kwato. Kamba iliyosimama zaidi ndiyo inayobeba zaidi, ukipata kinyume ujue umekosea hesabu.

Madam umwambie mtoto wa mama yako mdogo siyo mtu wa nje. Dafroza amekaa kwenye ndoo hapa mlangoni ananiambia, "We mtoto, unaandikaga barua au unaandika Biblia? Mie nachelewa." Basi niishie.

Mimi mkubwa wako kwa miezi miwili,
Adventina

Bunda, Jumapili, 18 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Samahani kwa kimya, tumekuwa na majaribio ya kila wiki. Mimi mzima. Mvua hakuna, maji ni ya kupimiana kwa kopo.

Tumepita raundi ya kwanza! Timu mia na kitu zimebaki, sisi tuko wa kumi na moja. Mchoro wako ulitusaidia kidogo, asante. Habari ya nafasi ya nne Madam bado hajasema neno.

Nina haraka, kengele imegonga. Bibi mpe hii sabuni.

Matrida

Butiama, Alhamisi, 29 Agosti 2024

Dada Matrida,

Natumaini huna neno. Sabuni bibi ameipata, ameificha kwenye sanduku la vitenge, anasema ni ya kunawa akija padri. Kuku wawili wamekufa kwa kideri. Mwalimu wetu wa fizikia, mwalimu Werema, amepata mtoto wa kike.

Mwalimu huyohuyo Jumatatu alikuja darasani na kompyuta yake ndogo. Alikuwa anataka kutuonyesha jinsi wenzetu wanavyojibu maswali, basi akafungua ukurasa wa shindano, mahali wanapoweka majibu bora ya raundi ya kwanza. Tulikuwa arobaini na wawili tunachungulia. La kwanza lilikuwa la Arusha. La pili la Songea. La tatu, Matrida, alikuwa ng'ombe.

Ng'ombe anayening'inia kwa kamba mbili, pembe moja nzima na moja kisiki. Mshale unatoka tumboni. Darasa zima lilicheka, mwalimu akasema, "Huyu mtoto ana akili, ametufanya tupende swali." Chini yake imeandikwa: Hesabu, Matrida. Maelezo, Kwangu. Mchoro, Rhobi.

Sikusema mbele ya watu. Nani angeniamini kwamba yule ng'ombe yuko zizini kwa bibi yangu na asubuhi hiyo nilikuwa nimemkamua? Niliomba ruhusa ya kwenda chooni nikakaa huko mpaka kipindi kikaisha.

Ulisema umesaidiwa kidogo. Kidogo! Ungechukua shuka langu nisingeumia. Ungemwambia huyo Rhobi ale sahani yangu nisingeumia. Lakini kumpa ng'ombe wetu, yeye ambaye hajui hata pembe ilivunjikaje, hapo umenikata. Nina wivu, nakuandikia kwa mkono wangu: nina wivu naye, nina wivu na wewe, nina wivu na hicho chumba cha kompyuta na jioni zenu humo.

Nijibu. Jibu lolote.

Adventina

Bunda, Jumapili, 8 Septemba 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo! Hamjambo huko? Mimi nimenenepa, ni maharage. Mama alikuja na Fredi siku ya kutembelea wanafunzi, jino limewekwa la bandia, anacheka hata pasipo na cha kuchekesha.

Swali la mwisho limetoka, na ni la aina yako kabisa. Gunia la kilo hamsini linavutwa kwa kamba kupandishwa mlima. Likiwa kwenye mwendo wa mita nne kwa sekunde, kamba inakatika. Litapanda umbali gani zaidi kabla ya kusimama? Vipimo vyote nimenakili nyuma. Tunatuma Jumatano tarehe ishirini na tano. Tukibaki kwenye ishirini za juu ni Dodoma!

Nichoree haraka kabla Dafroza hajaondoka. Rhobi anasema michoro yako ina uhai, anakusalimu.

Wako asiye na mwingine wa kumchorea,
Matrida

Butiama, Alhamisi, 12 Septemba 2024

Kwa Matrida,

Salamu. Bibi hajambo. Mama hajambo. Kuku waliobaki hawajambo.

Barua yangu Dafroza ameniapia aliiacha getini kwenu Jumanne ya tarehe tatu. Naona umeipata, na jibu lake ndiyo hiyo habari ya jino la Fredi. Haya.

Mchoro uliotaka umo ndani. Mishale yote mitatu ipo. Ule wa msuguano nimeuweka upande nilioona unafaa, Rhobi atauelewa.

Nawatakia safari njema ya Dodoma.

Adventina

Bunda, Jumatano, 18 Septemba 2024

Adventina, ndugu yangu,

Leo sina salamu, nisamehe, kichwa kinaniuma kwa kulia.

Barua yako ya Agosti nimeipata jana. Jana! Matroni alizishikilia barua zote mpaka majaribio yaishe, anasema huwa zinatutoa akili. Amenipa mbili kwa mpigo, hiyo na hii yenye mchoro. Nilipokuandikia habari za jino na maharage sikuwa nimesoma chochote. Nafikiria ulivyoiona ile barua yangu, natamani ardhi ipasuke.

Lakini sitajificha nyuma ya matroni, maana ng'ombe nilimtoa mimi. Fomu ya shindano inauliza nani kafanya nini, na kila mwanatimu lazima awe na kazi. Rhobi hakuwa na kazi. Madam alikuwa amesimama nyuma yangu na mkono kwenye kiti. Nikaandika. Nilijiambia nitakueleza, kila Jumapili nilianza barua nikaichana, ndiyo maana ile ya Agosti ilitoka fupi vile.

Jana hiyohiyo nilikwenda kwa Madam na barua yako mkononi. Nilimwambia yote, Rhobi akiwepo. Rhobi akasema, "Mie nilidhani mwenyewe amekubali liwekwe jina langu, kumbe nimevaa nguo ya mtu?" Madam hakunipiga. Aliuchukua mchoro wako mpya, akamcheka ng'ombe uliyemweka badala ya gunia, akasema, "Kumbe fundi mwenyewe yuko Butiama. Na sisi huku tunajidai na wa kukokotoa." Kisha akafungua kompyuta akakuandika. Wewe ni wa nne, Adventina. Jina lako, shule yako, vyote. Mchoro wa mwisho utakwenda kwa jina lako, na Dodoma ikitoka ni yako pia.

Umenisamehe?

Matrida

Butiama, Alhamisi, 26 Septemba 2024

Matrida,

Dafroza amenipa barua yako saa nne asubuhi na sasa ni saa nne na nusu. Leo ni tarehe ishirini na sita. Mmeshatuma. Mmeshatuma jana.

Mshale wa msuguano niliugeuza makusudi.

Naandika tena usije ukadhani kalamu imeteleza: niliugeuza makusudi. Gunia likiwa linapanda, msuguano unalivuta kurudi chini, mtoto wa kidato cha kwanza analijua hilo. Mimi niliuchora ukilisukuma juu. Nilikaa kwenye kigoda cha bibi nikauchora kwa rula, taratibu, na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa, hicho ndicho kinachonitisha sasa. Niliwaza jina la Rhobi likiandikwa chini ya kosa lile, na nikaona raha. Wivu ulinishika mpaka nikamfundisha ng'ombe wetu kusema uongo.

Na kumbe jina lililoandikwa ni langu.

Niambie kwamba uliona. Wewe ndiye wa hesabu, hesabu lazima ilikataa. Niambie uliona ukarekebisha kwa penseli yako, sitakasirika hata kidogo, nitakubusu hiyo mikono. Nimetaka kumwomba mwalimu Werema apige simu shuleni kwenu, nikafika mlangoni kwake nikageuza njia.

Dafroza ananitazama. Haulizi kitu leo.

Adventina

Bunda, Jumapili, 20 Oktoba 2024

Adventina,

Najua Alhamisi tatu mfululizo Dafroza amekuja kwako mikono mitupu. Hata kwake sikwenda, nilimtuma Kwangu akamwambie nina homa. Sikuwa na homa.

Natumaini bibi na mama mdogo hawajambo. Habari ni hii: hatuendi Dodoma. Timu yetu imekuwa ya thelathini na nne. Jibu letu wameliweka kwenye ukurasa, safari hii si kwenye majibu bora, bali kama mfano wa kosa linalofanywa na wengi. Ng'ombe yupo, kamba imekatika, na chini yake imeandikwa: Mchoro, Adventina, Butiama.

Uliniuliza kama niliona.

Niliona. Nilikokotoa jioni ya Jumatatu na gunia likapanda mita nne. Kilo hamsini, mlima mkali, kamba hakuna, mita nne! Niligeuza mshale kichwani tu, nikapata mita moja, na hiyo mita moja ndiyo iliyokuwa jibu. Rhobi aliuliza kwa mdomo wake, "Mbona hili gunia linapandaga kama lina miguu?" Nikamjibu, "Adventina hakosei mishale." Jumatano tukatuma.

Nataka ujue kwa nini, maana wewe umeniambia ya kwako yote. Siku ile niliyokwenda kuungama kwa Madam nilidhani nitajisikia mwepesi. Lakini tangu siku ile ikawa fundi wa Butiama hivi, fundi wa Butiama vile. Kwangu akataka kujua unasuka nywele gani. Rhobi, ambaye nilikuwa najivunia kwako, akawa anauliza kama unaweza kumwandikia na yeye. Mimi nikawa wa kukokotoa tu. Hata bibi, kila likizo, ni michoro yako anayobandika ukutani, hesabu zangu nani abandike? Nilipouona ule mshale umegeuka nikajua umeugeuza kwa hasira, na nikafikiri: acha waone naye anakosea. Ilikuwa rahisi sana. Sikufanya chochote, niliacha tu.

Wewe uliuchora, mimi niliuacha. Kati yetu wawili sijui nani alikuwa na wivu zaidi. Nadhani mimi, kwa sababu wewe hukuwa umejua kwamba jina ni lako, na mimi nilikuwa najua.

Ukiamua usinijibu nitaelewa.

Matrida

Butiama, Alhamisi, 24 Oktoba 2024

Dada Matrida,

Milele amina, hata kama hukusalimu.

Nimekasirika. Nilitaka kuanza kwa kusema sijakasirika, nikaona tutarudi kulekule. Nimekasirika kwa ajili ya Dodoma, ile kompyuta ya peke yangu nilikuwa nimeshaiwekea kitambaa kichwani mwangu. Na darasani wameuona ule ukurasa, wananiita Mita Nne. Mwalimu Werema alinishika bega akasema kosa ni la kawaida, na leo natamani kumwambia si la kawaida hata kidogo, limetengenezwa na watu wawili wenye akili timamu.

Barua yako nilimsomea bibi, yote, pamoja na yangu niliyokuandikia, kwa kukumbuka. Alikuwa anachambua mchicha. Akasema, "Nyie mlikuwaga mnagombania mgongo wangu nani abebwe. Leo mnagombania ng'ombe wa karatasi?" Basi nikaona nimwambie na ya pembe. Miaka sita, Matrida. Nikamwambia mimi ndiye niliyefunga kamba ovyo siku ile kwenye miamba, na Matrida aliiona imelegea akanyamaza, ng'ombe akateleza. Bibi hakuinua hata kichwa. Akasema, "Nilijuaga siku ileile. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme."

Hesabu zako anataka umletee Desemba, atazibandika karibu na Bikira Maria. Rhobi aniandikie akitaka, lakini aanze kwa kunisalimia.

Mwalimu Werema anasema shindano linafunguliwa tena Februari, na ameshapata fomu. Ameniandika mimi, na kwenye mstari wa pili amenipa kalamu nijaze mwenyewe. Nimejaza jina lako. Swali la mazoezi ni hili ndani: mkokoteni unateremka mlima, breki imeshikwa nusu. Ng'ombe nimemweka juu ya mkokoteni. Mishale yote nimeikagua mara tatu.

Na wewe ikague. Ukiona kosa, safari hii useme.

Adventina